Watu wa Feruzi

Mzee Rashid alikufa Jumatatu asubuhi, akazikwa alasiri ya siku hiyo hiyo, na kufikia Ijumaa binti yake Shufaa alikuwa hawezi tena kukaa mahali pamoja. Shufaa alikuwa fundi wa sare za shule mjini Kitui, mwanamke wa miaka hamsini na sita, na wateja walimpenda kwa sababu ya mkono wake uliotulia. Sasa alikuwa anakunja sketi, anaifumua, anainuka kuchungulia barabarani, anarudi kwenye cherehani na kusahau alikuwa amefika wapi.

Tangu utotoni alijua kwamba wao ni watu wa Pwani. Babu yake, Feruzi, alifika Kitui akiuza chumvi na kaniki, akajenga karibu na msikiti, akazaa, akafa kabla Shufaa hajazaliwa. Watu wakiuliza, "Nyinyi kwenu kabisa ni wapi?" jibu lilikuwa tayari: Mombasa. Lakini wiki ile ya mwisho, akiwa kitandani, Mzee Rashid alisema jambo jipya.

"Baba alikuwa na safari yake moja kila mwaka, kabla ya mvua. Kwa miguu mpaka mlima wa Nzaui, kule Makueni, chumvi mgongoni. Nilienda naye mara moja, nikiwa na miaka kumi. Tulifika boma fulani. Mama mmoja alipomwona baba alijifunika uso kwa shuka, akakimbilia ghalani. Baba akaweka chumvi mlangoni, tukarudi. Njia nzima alitembea mbele yangu kwa haraka."

"Hukumuuliza huyo mama ni nani?" Shufaa akauliza.

"Niliogopa," akasema mzee. Siku mbili baadaye akafariki.

Ilham, binti yake Shufaa, alijaribu kumtuliza. "Mama, si uache tu? Babu amepumzika. Wewe pia pumzika."

"Mtu hamkimbii muuza chumvi, Ilham. Yule mama alikuwa anakimbia nini?"

Aliyemwonyesha njia ni Mumbua, karani mstaafu aliyekuja kuchukua sare za wajukuu wake. Mumbua alikuwa katika kikundi cha watu kama kumi hivi waliofuatilia historia za koo zao. Walikutana kila Jumamosi katika darasa la chekechea nyuma ya soko, watu wazima wamekalia viti vya watoto, magoti karibu yaguse kidevu. Walikuwa na madaftari, karatasi za manila zilizochorwa vizazi, na sauti za wazee walizorekodi kwa simu.

Mwanzoni hawakumfaa kitu. Walipotaka kumtafuta mtu wa zamani walianzia kwenye daftari za ubatizo, na Feruzi hangekuwa humo. Shufaa alikaa Jumamosi tatu akisikiliza koo za wengine, akitingisha mguu hadi kiti kikalia. Ya nne, Mumbua akamuuliza, "Huyo babu, Kikamba chake kilikuwa namna gani?"

"Baba alisema watu walishangaa. Eti alikiongea kama aliyenyonya nacho."

Mumbua akaweka penseli chini. "Mama Ilham, mtu wa Pwani hujifunza Kikamba. Hanyonyi nacho." Kisha akamweleza, polepole, juu ya njaa kuu ambayo Wakamba huiita Ngomanisye, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakati misafara ya kwenda Pwani ilipopita chini ya Nzaui na wazazi wakatoa watoto wapate nafaka. "Huenda babu yako hakutoka Pwani. Huenda alipelekwa."

Wiki hiyo Shufaa alikata mashati kumi na mawili, yote mikono ya kushoto.

Kikundi kilimwandikia Nzuki, mwalimu mstaafu aliyefanya kazi kama yao upande wa Makueni. Nzuki akajibu kwamba maboma ya zamani pale Nzaui mengi yamekwisha; miaka ya hamsini jamaa wengi walihamia mashamba mapya kuelekea Kathonzweni. Ingebidi aulize nyumba hadi nyumba. Shufaa alimpigia Mumbua simu kila siku, siku nyingine mara mbili, mpaka Mumbua akasema, "Wafu hawana haraka, Mama Ilham."

"Mimi ninayo."

Wiki ya sita Nzuki akatuma ujumbe. Kulikuwa na bibi mmoja karibu na Kathonzweni, Ndunge, miaka themanini, ambaye watu wake walikuwa na hadithi ya mtu wa chumvi.

Shufaa alikwenda na Mumbua. Walipofika mji wa Kabati, njiani, Shufaa alitaka kurudi. Mumbua akamnunulia maji, akajifanya hakusikia.

Ndunge alikuwa uani akipepeta pojo. Alimtazama Shufaa kwa muda mrefu bila kuweka ungo chini.

"Shikamoo, susu," Shufaa akamwamkia, akitumia neno la Wakamba la kumwita nyanya.

"Usiniite susu. Feruzi wako ni babu yako, na dada yake Kanyiva ni nyanya yangu. Mimi na wewe ni dada." Akavuta kigoda. "Kaa. Jina lake lilikuwa Mutunga."

Shufaa hakukaa.

"Alikuwa wa miaka sita," Ndunge akasema. "Walibaki wawili tu, yeye na Kanyiva, aliyekuwa bado ananyonya, na maziwa yalikuwa yamekauka. Mama yao alimpeleka Mutunga kwa watu wa msafara akapewa mfuko wa mtama. Kanyiva akaishi. Akamzaa mama yangu, mama akanizaa." Akaonyesha kwa mkono nyumba nne za mabati, nguo za watoto kwenye kamba. "Hawa wote wametoka kwa ule mfuko. Sisi ndio tuliomla Mutunga."

Mumbua alikuwa ameinamisha kichwa. Shufaa akauliza, kwa sauti ambayo hakuitambua, "Na aliporudi? Kuna mtu alimwambia hata asante?"

"Hapana. Nyanya hakuwa na uso wa kumtazama. Alikuwa akilia kule ghalani mpaka hatua zake zisisikike. Kisha tukapewa mashamba huku. Nyanya akakataa kuhama. Alisema, akija na chumvi yake atamkuta nani? Tulimbeba kwa nguvu."

"Alikuja akakuta boma tupu?"

"Hakuna anayejua."

Waliletewa muthokoi wa mahindi na maharagwe. Shufaa alishika sahani, akala vijiko viwili, akaiweka chini, akatoka kwenda kusimama barabarani hadi Mumbua alipomfuata.

Mwezi mmoja baadaye Ndunge alifika Kitui peke yake, kiatu chake cha kushoto kimefungwa kwa uzi. Alikaa dukani saa nzima akitazama cherehani, kisha akaomba apelekwe kwenye kaburi la Feruzi. Shufaa akafunga duka. Pale makaburini Ndunge alilia, akamwita Feruzi kwa jina la Mutunga, akamsalimia kwa niaba ya Kanyiva. Shufaa alitaka kumkataza, kwamba huyu alizikwa kwa jina lingine na dua nyingine. Hakumkataza. Alisoma Fatiha, na Ndunge akamngoja amalize. Wakati wa kurudi walishikana mikono kwa sababu ya mawe ya njiani, na walipofika kwenye lami hakuna aliyeachia.

Jumamosi iliyofuata kikundi kilimpigia makofi. Mumbua alikuwa amechora karatasi nzima ya manila, Mutunga na Kanyiva juu, vizazi vyote chini yao, akataka kuibandika ukutani.

"Bado," Shufaa akasema. Alikuwa amesimama tena. "Alichukuliwa akiwa wa miaka sita, akafika hapa mtu mzima na mizigo yake. Hiyo miaka katikati aliishi kwa nani kule Pwani? Nani alimpa jina la Feruzi, na alimtendea vipi?"

Mumbua aliitazama ile karatasi, kisha akamtazama yeye, akavuta daftari.

"Tuanze na nini?"

"Sijui," Shufaa akasema. "Lakini Jumatatu ninaenda Mombasa."