Nywele za Eustakio

Kwa miaka kumi na tisa Eustakio hakutia mkasi kichwani, na kwa miaka hiyo yote mama yake, Brigita, hakukoma kumsema. "Nywele gani hizo, mwanangu? Ndege akikuona si atataga!" Watu wa kijijini kwao Mbekenyera wakacheka, yeye naye akacheka, kisha akarudi zake Nachingwea kwenye kibanda chake cha ufundi redio.

Huko ndiko rege ilikomkamata. Mteja alileta redio kaseti mbovu, kanda ikiwa ndani. Eustakio alipoitengeneza ikalia, na besi ikatembea taratibu kama mtu anayetoka shamba na mzigo wa mihogo, hana haraka lakini hasimami. Basi, kwisha kazi! Alinunua gitaa kuukuu, akafuga rasta, akaanza kuuliza muziki huu umetoka wapi. Wajuzi wakamwambia umetoka Jamaika, kwa wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani. Siku hiyo hakula. Misafara ya watumwa ilipita huku huku kusini ikienda Kilwa, na ukoo wao bado unasimulia habari za waliochukuliwa. Alipomweleza mama yake, Brigita akasema, "Kumbe wanaoimba ni watu wetu. Sasa Krismasi wanakula kwa nani?"

Ndipo Eustakio akatunga wimbo wa Noeli kwa Kimwera, lugha ya kwao, kwa mdundo wa rege: Maria na Yosefu wanabisha hodi, hakuna wa kuwafungulia. Brigita aliupenda, akawa anauimba hata akipepeta ufuta. Akabaki na haja moja tu kabla hajafa: amsikie mwanawe akiuimba kanisani, siku ya Krismasi, watu wote wakisikia.

Lakini Fortunatus, mwalimu wa kwaya, hakutaka mchezo. "Wimbo naupenda. Hizo kamba kichwani, humu haziingii." Naye Eustakio, kwa ubishi wake, akajibu kwamba si kamba, ni agano, na hakati kwa amri ya mtu. Haya, wanaume wawili wakavimbiana, na aliyeumia ni mama wa watu. Krismasi zikapita moja baada ya nyingine, yeye kanisani, mwanawe Nachingwea anapiga gitaa baa.

Desemba iliyopita Brigita aliugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kuokoteza. Eustakio alipopigiwa simu hakubishana tena na mtu. Tarehe ishirini na mbili aliketi kwa kinyozi, akasema, "Toa zote." Kinyozi alimwuliza mara tatu. Kisha akapanda bodaboda moyo ukimdunda kwa furaha, ndiyo, furaha, maana alikuwa anampelekea mama yake zawadi.

Angefikiri kidogo tu! Huku kwetu mwana humnyolea mama yake, hunyoa kichwa chake kumwomboleza, akishamzika. Na mtu aliyezing'ang'ania nywele zake namna ile, akionekana kipara, nani atadhani jambo jingine?

Macho ya Brigita yalikuwa yamefifia. Alimpapasa mwanawe kichwani, mkono ukasita.

"Umenyoa."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe mmeshanizika?"

Eustakio alicheka huku machozi yakimtoka. "Hujafa, mama. Nimenyoa ili niimbe Krismasi. Fortunatus amekubali."

"Nitakuja nikusikie, baba." Mkono wake uliendelea kukizunguka kile kipara. "Ila umeninyolea ningali hai. Nikifa utaninyolea nini?"

Eustakio alidhani ni maneno ya ugonjwa.

Brigita alikata roho tarehe ishirini na nne, jua likichomoza, akazikwa jioni ya siku ile ile. Kesho yake Eustakio aliimba. Kanisa zima lililia, hata Fortunatus akashindwa kuongoza kwaya. Waliotoka walimshika mkono wakimwambia ameimba vizuri, naye hakusikia hata neno, kwa kuwa aliyemwimbia hakuwepo.

Siku ya tatu ilikuwa ya kuanua tanga. Watoto wa marehemu waliketi mkekani, na mjomba Abdala, kaka yake Brigita, akapita na wembe na bakuli la maji. Abdala ni Muislamu, lakini huku ukoo mmoja una msikiti na una kanisa, na msiba ni wa wote. Alinyoa mmoja mmoja mpaka akafika kwa Eustakio. Hapo akasimama.

Saada, mtani wao wa Kiyao, ambaye kazi yake msibani ni kuwachokoza wafiwa wasizame kwenye majonzi, akapiga kigelegele. "Jamani, huyu wa nini? Alinyoa mapema, aliona mama anamchelewesha!" Watu wakacheka kama ilivyo desturi, maana mtani hakasirikiwi. Eustakio alijaribu kucheka, mdomo ukakataa.

"Ninyoe, mjomba."

"Nikunyoe nini, mpwa wangu? Hapa hamna kitu."

"Ninyoe hivyo hivyo."

Abdala alikilowesha kichwa, akapitisha wembe polepole, akaufuta kwenye kitambaa. Kitambaa kilibaki cheupe. Dada zake walikuwa wanakusanya nywele mkekani wakazifukie pembeni mwa kaburi, na walipofika mbele yake wakapita. Za kwake zilishafagiwa Nachingwea, zikatupwa jalalani pamoja na za wateja wengine.

"Mama, sina cha kukupa," Eustakio alisema, akaangua kilio, na safari hii Saada hakumtania.