Helikopta Isiyo na Mkia

Mimi pombe sinywi, na siku ile sikuwa na malaria. Naanza na hayo kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza moja kati ya hayo mawili. Haya yalinikuta mchana, hapa mtaani kwetu Ntinda, miaka michache baada ya vita kwisha. Usiponiamini sitakulaumu, ila nisikilize mpaka mwisho.

Tangu kabla ya vita nilikuwa fundi wa helikopta jeshini. Sisi Wanubi wa Bombo, jeshi tulirithi kwa mababu kama wengine wanavyorithi shamba. Vita ilipokwisha nikafungua kibanda cha kutengeneza pampu za maji na jenereta. Watu wa mtaani waliijua kazi yangu ya zamani, wakaanza mchezo. Mtu akikuta picha ya helikopta kwenye gazeti kuukuu, huziba maandishi kwa kidole na kuniuliza, "Mzee, hii ya nani?" Nami nataja: ya Warusi, ya Wamarekani, ya Waitaliani. Niliupenda mchezo ule. Nani hapendi kusifiwa?

Sasa, alasiri moja mvua ilishuka kwa nguvu, barabara ikabaki tupu. Mwanamume mmoja mwenye koti refu akaingia kujikinga. Nikamkaribisha, nikammiminia chai ya chupa. Akashukuru, akakiweka kikombe pembeni bila kuonja. Kisha akatoa kitu ndani ya koti, akakiweka juu ya meza yangu ya kazi.

Ilikuwa helikopta ya bati, ukubwa wa bata.

"Nasikia unazijua zote," akasema. "Hii ya nani?"

Niamini, sikuwahi kuona chombo kama kile. Hakikuwa na mkia kabisa. Mwili wake ulikuwa wa mviringo kama chungu. Juu kulikuwa na mapanga mawili ya kuzunguka, moja juu ya jingine. Nilipoyasukuma kwa kidole, la juu likaenda kulia, la chini likaenda kushoto. Na mapanga yote yalizungushiwa duara la bati, kama ukingo wa ungo.

"Ya Warusi," nikasema, maana wao hupenda kupandisha mapanga hivyo.

Akatikisa kichwa.

"Wafaransa?"

Akatikisa tena.

"Basi haijawahi kuruka," nikasema. "Hii ni fikra ya mtu tu."

"Umekaribia. Fikra ya nani?"

Nikaigeuza nitazame chini. Nikaona miguu mitatu mifupi, haina magurudumu, imepangwa kama mafiga. Hapo nikaacha kubahatisha.

Nilikuwa na rafiki jeshini, fundi mwenzangu, Muganda wa Lubaga aliyeitwa Kizito. Siku moja askari alipita nyuma ya helikopta iliyokuwa imewashwa, na panga la mkiani likamuua mbele yetu. Kizito hakula siku ile. Jioni akaniambia atabuni helikopta isiyo na mkia, mapanga yake yafungiwe ndani ya duara yasije yakamkata mtu, na isimame juu ya miguu mitatu, kwa kuwa chungu juu ya mafiga matatu hakiyumbi hata ardhi ikiwa mbaya. Alinieleza kwa mikono tu, hewani. Hakuichora popote, alisema wakubwa wangemwona kichaa. Vita ilipokaribia kwisha alipanda helikopta iliyokwenda kaskazini. Haikurudi. Hatukupata mabaki wala kaburi.

Nikamtazama yule mgeni. Sura haikuwa ya Kizito. Huyu alikuwa mtu mzima zaidi, na uso wake sikuujua. Wewe ungejibu nini? Nilitamani kusema sijui, lakini jina lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Ya Kizito," nikasema. "Kizito wa Lubaga."

Akafumba macho, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Asante, lafiki."

Waganda wengi huzichanganya hizo herufi, r na l, najua. Lakini neno lile alivyolivuta, na kile kicheko kidogo mwishoni, vilikuwa vya mtu mmoja tu duniani. Sauti ilikuwa ya Kizito, ikitoka kwenye uso wa mtu mwingine.

"Mwambie mama asinipakulie tena," akasema, akatoka nje, akaingia mvuani.

Nikamfuata mpaka mlangoni. Barabara ilionekana wazi pande zote mbili, na hapakuwa na mtu. Ajabu ni kwamba sikuogopa. Nilirudi nikakaa, na ile helikopta ya bati ilikuwa bado mezani.

Kesho yake niliifunga kwa kitambaa nikaenda Lubaga. Dada yake Kizito alinipokea, akanieleza kwa sauti ya chini mambo ambayo sikuyajua: tangu vita, kila mlo mama yao huweka sahani ya Kizito na kuifunika. Ukoo umemsihi wafanye matanga, amekataa. Anasema hawezi kumlilia mtu ambaye hakuletewa habari zake.

Nikamsimulia mama yote, nikamwekea ile helikopta mapajani. Akaipapasa miguu yake mitatu.

"Alikula kwako, mwanangu?"

"Nilimpa chai, mama. Hakuigusa."

Akaiweka helikopta kando.

"Basi amekufa," akasema. "Kizito hakuwahi kukataa chai."

Akainuka mwenyewe, akaichukua ile sahani, akaiosha, akaipanga pamoja na nyingine. Ndipo akalia. Matanga yalifanyika, na helikopta ile ikafungwa kwa nguo ya magome ya mti, sanda ya Waganda, ikazikwa kwenye ardhi ya ukoo. Nilishika jembe pamoja na wajomba zake.

Tangu hapo mchezo wa kutambua sichezi. Wakiniletea picha nawaambia macho yamezeeka. Mke wangu anajua si macho.

Nawe nakuonya. Mgeni akikuwekea kitu mbele yako akuulize ni cha nani, usikimbilie kujibu ili usifiwe. Huenda ametumwa na marehemu kutafuta jina lake. Na ukishalitaja, funga kazi yako uondoke, ulifikishe kwao. Huko kuna mtu amekaa analisubiri, na hana mwingine wa kumletea.