Lita Nzima ya Soda

Baada ya mke wangu kufariki, binti yetu alinitumia mashine ndogo ya mezani ya kutengenezea soda. Nilijaza maji baridi kwenye chupa, nikabonyeza kitufe, gesi ikaunguruma jikoni, kisha nikaongeza tangawizi niliyochemsha na sukari. Ikatoka lita nzima, na katika nyumba yetu ya Runzewe nilikuwa nimebaki peke yangu.

Nikampelekea jirani, aliyekuwa uani kwake akimenya karanga.

“Shikamoo, baba. Umenunua wapi?”

“Marahaba. Nimetengeneza mwenyewe.”

Alikunywa, akapaliwa, akacheka. Kisha akasema taratibu, “Marehemu mama angeipenda hii.”

Nikavuta kigoda, nikamsaidia kumenya karanga mpaka jioni.