Mashimo Elfu Moja ya Mama

Hapana, usiniambie elfu moja na elfu moja ni sawa. Wewe umekaa kwenye kiti hapo, umeshiba, unasema, "Si waligawana sawasawa? Uligombea nini?" Kwa hiyo sawasawa yako mimi nilimvunja taya baba yangu mdogo. Kwa mpini wa jembe, mchana kweupe, watu wanaangalia. Ngoja nikueleze kwanza, halafu urudie hilo neno.

Sisi huku juu, upande wa Matiri, tunalima ngolo. Kama hujawahi kuona, ni mashimo ya mraba yamepangana mlimani kama masega ya nyuki. Mwanaume anafyeka majani, anayalaza chini kwa mistari, mingine ya kushuka, mingine ya kukatiza. Mwanamke anaingia na jembe, anachimba katikati ya kila mraba, udongo anaufukia juu ya majani, ndio yanakuwa matuta. Kwenye matuta tunapanda maharage, yakitoka yanaingia mahindi. Kwa hiyo ukubwa wa shimo anaupanga mwanaume kwa majani yake. Mgongo unaouma ni wa mwanamke.

Baba alikufa mwaka ambao soko huria lilikuwa limeshatukalia shingoni. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipanda mlima na mizani zao, ushirika ulikuwa umelala, na mbolea ya mkopo ikawa hadithi. Watu waling'oa mibuni kwa hasira, wengine wanapiga shoka huku wanatukana, kama wanaua nyoka. Sasa kila kipande cha mlima kikawa cha mahindi, na ndugu waliolima pamoja tangu enzi za babu wakaanza kukunjana mashati. Kwetu waliolima pamoja walikuwa baba na mdogo wake. Baba alipozikwa, hata arobaini haijafika, baba mdogo akaja kwa mama.

"Shemeji," akasema, "mimi sitaki maneno. Tugawane mlima. Majani nimelaza mwenyewe mwaka huu, nyie mmechimba. Tuhesabu mashimo, kila mtu achukue nusu."

Mama akafurahi kabisa. Huku kwetu shimo ndio kipimo. Mtu akitaka kukuambia kazi aliyofanya anasema leo nimechimba ishirini. Akitaka kukuibia, anaiba mashimo. Basi wakahesabu siku nzima, baba mdogo, mama, na balozi wetu wa nyumba kumi akiwa shahidi. Kila wakifika mia wanachomeka kijiti. Vikawa vijiti ishirini. Mashimo elfu mbili.

"Wewe chukua ya juu, karibu na nyumba yako," baba mdogo akamwambia mama. "Mjane asihangaike kupanda na kushuka."

Mama alimshukuru. Alipiga magoti akamshukuru!

Mimi siku hiyo nilikuwa Mbinga mjini kupeleka ndizi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nimeishia darasa la nne, ila hesabu ninazo. Nilizipata dukani. Mwenye duka, mzee mmoja wa Kiislamu aliyetokea pwani, alikuwa anafungia chumvi kwa karatasi za kitabu cha hesabu kilichochakaa. Kila nikinunua chumvi nilifika nyumbani, naimwaga kwenye kopo, nasoma karatasi. Somo la eneo lilikuja na chumvi ya robo kilo, limelowa, kona imechanika. Urefu mara upana. Nililisoma mpaka karatasi ikaisha.

Niliporudi mama akaniambia habari, anacheka. Nikamuuliza, "Mama, ya juu yana ukubwa gani?"

"Shimo ni shimo, mwanangu."

Sikubishana. Nilishuka mlimani peke yangu, nikapima kwa nyayo, kisigino kwenye kidole. Juu, ambako mlima umesimama, majani hulazwa karibu karibu ili udongo usikimbie na mvua. Kutoka katikati ya tuta mpaka katikati ya tuta, nyayo tano. Chini, kwenye ulalo, nyayo saba. Nikapima mengine kumi huku na kumi kule. Tano, tano, tano. Saba, saba, saba. Nilishuka mpaka kwa baba mdogo, ambako ua umepakana na yale mashimo ya chini, nikiwa na jembe begani na maharage ya mbegu ndani ya kitenge, nikapita kwa balozi nikamwambia njoo, na wewe, na wewe, na yeyote aliyekuwa njiani. Mama akanifuata nyuma ananisihi ninyamaze.

"Shikamoo baba," nikamwambia. Adabu kwanza.

"Marahaba. Umebeba jembe la nini?"

"Baba, yale mashimo hayako sawa. Ya kwako ni saba, ya kwetu ni tano."

Akacheka. "Nyayo mbili! Unaniletea watu nyumbani kwa ajili ya nyayo mbili?" Na watu wakacheka. Balozi naye akacheka.

Nikachora chini kwa kijiti. Mraba wa tano kwa tano, nikaukata vyumba vidogo, kila chumba nikaweka punje moja ya maharage. Pembeni yake mraba wa saba kwa saba, hivyohivyo. Nikamwambia balozi, "Hesabu, mzee." Akachuchumaa. Mraba wa kwanza akatoa punje ishirini na tano. Wa pili arobaini na tisa. Akarudia. Kicheko kikakatika.

"Karibu mara mbili," akasema.

"Mwenye elfu ya chini amekula mlima mara mbili," nikasema. "Ili tulingane, mama anatakiwa aongezewe mashimo ya chini mia mbili arobaini na tano. Hayo ni gunia mbili na nusu za mahindi. Ni miezi minne ya ugali, baba! Wadogo zangu wale nini miezi minne?"

Baba mdogo akanyoosha mguu wake. "Umepima kwa viguu vyako vya kuku. Pimeni kwa wangu!"

"Pima kwa wa tembo ukitaka! Wako mkubwa, nyayo zitapungua juu na zitapungua chini. Bado yako yatakuwa karibu mara mbili ya yetu."

Mzee mmoja akapasuka kwa kicheko, na safari hii hakunicheka mimi. Hapo ndipo ilipoharibika. Mimi nadhani mashimo angeyatoa kwa shingo upande. Kilichomchoma ni kile kicheko. Alipiga teke michoro yangu, mbegu zikaruka, akanizaba kofi, sikio likalia nzii. Nikamtemea damu miguuni. Akanishika nywele, akanigonga kichwa kwenye nguzo ya kibanda chake cha kuku, mara ya kwanza, mara ya pili. Balozi anasema, "Acha, acha," huku amesimama mbali.

Mama ndiye aliyeingia. Wala hakuja kupigana. Alipiga magoti kuokota mbegu zake, maana hizo ndizo tulizokuwa nazo za msimu, na kwa mkono mmoja akawa anamvuta shemeji yake suruali, "Mwache, shemeji, mwache, ni mtoto." Akaniachia, akamgeukia, akampiga teke la ubavu. Nililisikia. Mama akaanguka, akabiringika akatumbukia shimoni, moja ya yale makubwa, ya chini. Na baba mdogo akanyanyua mguu tena.

Nilichukua jembe kwa upande wa chuma, nikampiga na mpini. Taya likalia kama kuni kavu. Meno mawili yakatoka, jingine likabaki linaning'inia. Alipoanguka nilimpiga tena begani, na ningempiga la tatu kama wanaume wawili wasingenilalia. Niliwauma na hao.

Siku ya nne tulikaa uani kwa balozi. Baba mdogo amefungwa kanga kuanzia kidevuni mpaka utosini, hasemi, mkewe ndiye anasema. Mama anapumua kwa upande mmoja. Wazee walirudi mlimani wakapima wenyewe kwa kamba, wakakubali hesabu yangu, namba kwa namba. Mia mbili arobaini na tano, ya mama. Nikainua kichwa.

Halafu wakaja kwenye taya. Mtoto amemvunja baba yake. Mbuzi watatu, au waniandikie nipelekwe polisi. Sisi tulikuwa na kuku wawili. Nikamwambia balozi, "Na ubavu wa mama?" Akasema ubavu hauonekani.

Mama hakunitazama. Akasema, "Chukueni yale mashimo."

"Mangapi, mama?" balozi akauliza.

"Yote aliyoyahesabu."

Yakaenda. Msimu uliofuata tuliishiwa unga mapema, na wadogo zangu wakawa wanalala na viazi vya kuomba. Jioni moja mama anamenya hivyo viazi akaniambia, bila hasira, kama anaongea na kisu: "Ungeniacha pale shimoni dakika mbili tu, tungekula."

Nimeipiga hiyo hesabu miaka yote. Teke moja zaidi, pengine mawili, kwa miezi minne ya ugali. Najua jibu lake, na bado ningempiga. Sasa wewe wa sawasawa, mama yako yuko chini na mguu umenyanyuliwa: ungemwacha?