Tawi Kwenye Njia ya Korongoni

Kutoka Ujiji kwenda Kidahwe kuna lami, na mwenye haraka apite huko. Wateja wa Mwanamvua Chande hawakuishi lamini. Walikaa vilimani, gari lisikofika, naye aliwapandishia dagaa na kushuka na mawese. Siku hizi vijana wa mjini hupanda vilima hivyo kwa mazoezi, wakishuka hupiga picha. Yeye alipanda kwa kandambili, ndoo kichwani, akiwasengenya wateja wake njia nzima.

Aliyemsikiliza ni mchuuzi mwenzake, Spesiosa wa Katubuka, aliyeingia nchini kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mamaye. Mmoja Mwislamu, mwingine Mkatoliki asiyekosa misa. Mmoja msemaji, mwingine wa kuguna tu. Siku ambazo hawakuondoka pamoja, aliyetangulia alikata tawi bichi kila penye njia panda, akalilaza kwenye njia isiyofaa. Wa nyuma akiliona anajua huko kumefungwa, mwenziwe kapita kwingine. Huku kwetu hata mtoto analijua hilo.

Mwanamvua akafiwa na mume, akakaa eda. Wanawake wa Ujiji walijaa ndani, Spesiosa hakuonekana. Eda ikaisha, Mwanamvua akarudi kilimani amefura. Walipokutana, Spesiosa alimsalimu kwa Kirundi, "Amahoro, dada." Mwenzake akampita kama amepishana na mti.

Ikawa hivyo msimu mzima wa mvua. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini ukimuuliza mtu atakujibu, na Mwanamvua hakutaka jibu. Alitaka kukasirika. Spesiosa naye aliendelea kulaza matawi, na Mwanamvua aliyafuata huku akisonya.

Juu ya mashamba ya michikichi njia inagawanyika. Ya mgongoni mwa kilima ni ndefu na ina jua kali. Ya korongoni ni fupi na ina kivuli. Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, Mwanamvua alikuta tawi limelazwa kwenye ile fupi.

"Anataka nizunguke juani," akasema, "yeye awahi wateja."

Akaliruka. Hakufika mbali. Ukingo ulikuwa umeliwa na maji, udongo ukamomonyoka chini yake, akaporomoka nao. Dagaa wakatawanyika korongo zima na mguu ukavunjika.

Alipiga mayowe. Aliyeyasikia ni Spesiosa, aliyekuwa ng'ambo, kwenye njia ya mgongoni. Alishuka, akaufunga mguu kwa vijiti na kanga, akaketi naye kusubiri watu wa mashambani waje kumbeba.

"Hukuona tawi?"

"Nililiona."

Spesiosa akaguna. Mwanamvua akashindwa kujizuia.

"Mbona hukuja kunipa pole? Nimekaa eda mpaka inaisha, jicho langu mlangoni."

"Nilikuja, dada. Nikafika barazani. Nikaona viatu vingi, nikasikia kisomo. Nikasema, mimi na msalaba wangu shingoni, nikiingia nitamharibia eda yake. Nikarudi."

"Nani alikwambia eda inaharibika kwa kupewa pole?"

"Hakuna. Sikuuliza."

Mwanamvua akalia. Mpaka leo anadai alilizwa na mguu. Mimi ni jirani yake na nimeisikia habari hii mara nyingi, na kila mara anasema pia kwamba mguu wenyewe ulikuwa umekufa ganzi.

Mfupa uliunga vibaya. Vilima vimemshinda, na jambo hilo linamuuma kuliko mguu. Anauza dagaa barazani kwake, na mawese analetewa na Spesiosa.

Mwezi uliopita nilimfuata Spesiosa kilimani. Pale penye njia panda alitua ndoo, akakata tawi, akalilaza kwenye njia ya korongoni. Nikamuuliza anamfungia nani, na nyuma yetu hakuna mtu. Akaguna.

Tulipofika Ujiji, Mwanamvua hakuangalia mawese.

"Leo umefunga wapi?"

"Korongoni."

"Vizuri. Ingia ndani, mdogo wangu."

Spesiosa akavua kandambili pale barazani, akaingia.