Makala Niliyoiandikia "Haifai"

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1978, kabla vita havijafika mkoani kwetu, bosi wangu alinikabidhi baiskeli isiyo na breki ya nyuma, ufunguo wa kabati, na mashine ya kurudufia iliyokauka wino. Tulimwita Bwana Kilimo, na hapa nitamwita hivyo hivyo, kwa kuwa ameshatangulia na hawezi kunijibu. Mimi nilikuwa bwana shamba mwenye cheti na viatu vipya. Viatu havikumaliza masika.

"Utazunguka vijijini kama wenzako," aliniambia, "lakini kazi yako hasa ni Barua."

Barua ilikuwa karatasi nne zilizobanwa pini, ikitoka mara moja kwa mwezi. Kila kikundi cha kusoma, kati ya vile vilivyobaki baada ya madarasa ya watu wazima, kilipata nakala. Msomaji wa kikundi aliisoma kwa sauti, wenzake wakabishana, kisha wakajaza maoni yao kwenye ukurasa wa mwisho, ambao tuliuacha mtupu makusudi. Nilizikusanya kurasa hizo kwa baiskeli, nikachagua yanayofaa na kuyapiga taipu kwenye stensili, yaani karatasi ya nta ambayo herufi huitoboa ili wino upite. Mwezi uliofuata watu wa Nyaishozi walisoma jinsi walivyobishiwa na watu wa Bweranyange ambao hawajawahi kuwatia machoni. Juu kabisa tuliandika: Kuuliza si ujinga. Wajukuu zangu wanasema hayo ndiyo wanayofanya wao kwenye simu. Huenda, ila sijaona mtu akisukuma simu kupanda mlima.

Kazi ngumu haikuwa baiskeli. Kazi ngumu ilikuwa kuamua nini kiingie. Bwana Kilimo alikuwa na kipimo kimoja tu.

"Mtu ametoka kupalilia, mgongo unamuuma," alisema. "Kama haelewi kwa mara ya kwanza, toa."

Nilikipenda kipimo hicho. Kilinipunguzia kazi.

Ilipofika katikati ya miaka ya themanini nilikuwa nimechoka. Karatasi hazikupatikana, wino tuliuongezea mafuta ya taa, na malaria ilinipiga kila mvua za vuli. Wakati huo likaja swali kutoka Songambele, ambayo siku hizi iko Kyerwa lakini wakati ule kote kulikuwa Karagwe. Waliuliza kwa nini mgomba unaanguka na mkungu wake hata siku isiyo na upepo, na ukitazama mizizi imekwisha. Mwandiko ulikuwa wa msomaji wao, Mama Konsolata, mjane ambaye familia yake ilitoka Burundi. Kusoma alijifunza kanisani, na Kiswahili alikipata katika kulima vibarua kwenye vibanja vya watu. Kibanja ni shamba letu la migomba linalozunguka nyumba. Yeye wakati huo hakuwa nacho.

Nililipeleka swali kwa mtafiti mmoja wa zao la ndizi. Baada ya muda akaniletea makala ya kurasa nane. Nilipiga muhuri wa tarehe ya kupokea, nikakaa kusoma. Kulikuwa na majina ya Kilatini, majedwali, na sentensi ndefu kama foleni ya sukari. Nilisoma kurasa tatu. Kisha nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika juu yake: "Haifai. Ngumu kwa wasomaji." Nikaifungia kabatini. Kwenye Barua iliyofuata niliwajibu Songambele kwa mstari mmoja, kwamba waongeze samadi na matandazo.

Mwezi uliofuata kijiji kilimpa Mama Konsolata ardhi yake mwenyewe. Nilifurahi kwelikweli. Nikang'oa machipukizi ishirini kwenye kibanja changu Nyaishozi, nikaomba nafasi kwenye lori, nikampelekea. Kwetu mtu akianza maisha hapewi fedha, anapewa machipukizi, na hayakung'utwi udongo. Ukimpa chipukizi lililosafishwa ni kama umempa mbegu huku ukimnyima baraka za kibanja chako. Yangu yalikuwa na udongo mweusi wa kutosha kujaza ndoo. Alinipikia ndizi kwa maharage, na watoto wake wakapanda siku ileile.

Baada ya miaka miwili ukurasa wa Songambele ulirudi na mistari miwili tu. "Migomba niliyopewa imeanguka kumi na mmoja. Swali letu la zamani halijajibiwa."

 Nilifungua kabati, nikaitoa ile makala, nikaitia mfukoni bila kuisoma, nikapanda baiskeli.

Nilimkuta amechimbua tunguu la mgomba, yaani lile shina la chini ya ardhi, amelikata katikati. Ndani lilikuwa na matundu meusi kila upande. Akalikung'uta, akadondoka mdudu mdogo mweusi.

"Huyu ukimgusa anajifanya amekufa," alisema. "Subiri uone." Tukasubiri. Baada ya kitambo mdudu akakunjua miguu na kuondoka zake. "Jioni ndipo anapotembea. Mchana anakaa chini ya matandazo, kwenye unyevu."

Nilimpa makala. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kwenye jina la Kilatini akasimama.

"Hili ndilo jina lake?"

"Ndilo. Kwa Kiswahili ni fukusi wa migomba."

"Sawa. Na hapa wanasema anataga kwenye tunguu. Kwa hiyo anasafiri na chipukizi."

Hakuuliza tena mpaka ukurasa wa sita. Pale mtafiti alikuwa ameeleza kwa Kiswahili chepesi kuliko changu: chipukizi limenywe kwa kisu mpaka liwe jeupe, udongo na mizizi yote iondolewe, lipandwe upesi, na matandazo yakae mbali na shina. Nilikuwa nausoma kwa mara ya kwanza, juu ya bega la mwanamke ambaye nilimharibia shamba.

Akarudi ukurasa wa kwanza. Akautazama muhuri, akahesabu miezi kwa vidole. Kisha akasoma maneno yangu mekundu kwa sauti ileile aliyosomea kikundi.

"Bwana Shamba, hawa wasomaji ni mimi?"

Nilisema ndiyo.

"Ilifika kabla hujaniletea machipukizi."

"Ilifika kabla."

"Uliisoma ukaona hatutaielewa?"

Hapo ningeweza kusema uongo, na angalau mmoja ulikuwa tayari mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka hata kwa hilo. "Sikuimaliza," nikamwambia. "Nilichoka, nikaweka uchovu wangu kwenye jina lenu."

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Ungetuachia tuchoke wenyewe," akachukua jembe. Mwaka ule aling'oa migomba iliyobaki, akapanda maharage, na akarudi kwenye vibarua.

Niliichapa makala yote, katika Barua nne mfululizo. Bwana Kilimo aliniita. "Umeigeuza karatasi yetu kuwa chuo kikuu," akasema. Nilimwambia asubiri kurasa za mwisho zirudi. Zilirudi zimejaa mpaka pembeni. Wengine walisema mtafiti anataka kutuondolea baraka. Wengine, kama Mama Konsolata, walikuwa wanazijua tabia za fukusi kuliko mimi, walikosa jina lake tu. Mzee mmoja wa Bweranyange ndiye aliyemaliza ubishi: chipukizi limenywe, na baraka ije na kikapu cha maharage. Hadi leo wapo wanaofanya hivyo. Bwana Kilimo alizisoma kurasa zile siku mbili, na hakunikumbusha tena kipimo chake.

Nilistaafu mapema, miaka ya tisini, mgongo umeisha kabla ya baiskeli. Siku ya kuagwa Mama Konsolata alikuja kutoka Songambele na chipukizi moja limefungwa kwenye jani. Kibanja chake kilikuwa kimesimama upya. Nikafungua jani. Lilikuwa jeupe kama muhogo uliomenywa, bila chembe ya udongo, na kikapu cha maharage hakikuwepo.

"Maharage utanisamehe," alisema. "Niliyapanda mahali pa migomba yako, tukayala."

Nililipanda nyuma ya nyumba. Linazaa mpaka leo, na kila nikila ndizi zake nakumbuka ile kalamu nyekundu.

Juzi bibi shamba wa siku hizi, ambaye umri wake ni wa mjukuu wangu, alinijia na simu. Ana kundi la wakulima humo ndani, wanaulizana na kubishana mchana kutwa. Watafiti wamemtumia makala ndefu kuhusu mnyauko wa migomba.

"Shikamoo, babu. Naona ni ngumu mno kwa kundi. Niiache?"

"Marahaba. Umeisoma yote?"

Akatazama chini. "Nusu, babu."

"Kaa hapa uimalize," nikamwambia, nikamvutia kigoda. "Kisha itume nzima. Na juu yake usiandike kitu."