Meza ya Mama na Chipbodi ya Maua

"Sikukuu hii mzee wetu atakula mlo mmoja, kwenye meza moja, na wanawe wote watatu wamekaa. Nikishindwa, nitakaa kiti cha mbele humu kanisani nimevaa miwani yangu ya kuchomelea mpaka Pasaka!"

Maneno hayo Cheche aliyamwaga kwenye kipaza sauti, Jumapili ya kwanza ya Desemba, wakati wa matangazo. Alikuwa ameitwa mbele aseme tu kwamba geti la kanisa limeshatengenezwa. Geti akalisahau. Kanisa zima likaangua kicheko, mchungaji naye akajificha nyuma ya leso. Kaka zake wawili hawakucheka. Mmoja alikuwa kulia kabisa, mwingine kushoto kabisa, na kila mmoja alikuwa amezama kwenye kitabu cha nyimbo kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

Cheche ni fundi wa kuchomelea. Baba yao alikuwa seremala, na karakana aliwaachia wavulana. Binti alipoomba kufundishwa randa aliambiwa akamsaidie mama jikoni. Akaenda kujifunza chuma kwa hasira, na mpaka leo hasira hiyo ndiyo inayomlisha.

Sasa, hiyo meza. Mzee aliitengeneza mwenyewe mwaka aliooa, mbao nene, watu kumi na wawili bila kugusana viwiko. Mama alikuwa na sheria moja tu ya Krismasi: hakuna anayekula amesimama, hakuna anayekula chumbani. Uwe umenuna, uwe umegombana na mkeo, uwe umechelewa, utakaa mezani na utampitishia jirani yako chumvi. Watu wamewahi kupatanishwa na bakuli la chumvi pale, bila kikao.

Mama alipofariki, kila mwana aliitaka meza. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Basi, siku mzee alipolazwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa jicho, wale mafundi wawili wenye akili zao timamu wakapima, wakapiga mstari wa penseli, mmoja akashika huku, mwingine kule, wakaikata katikati. Walikata vizuri mno. Mstari umenyooka utadhani umekatwa na mashine. Ndiyo kazi ya mwisho waliyofanya pamoja. Mzee aliporudi na jicho lake jipya, kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni sebule tupu na unga wa mbao uliofagiliwa pembeni.

Cheche alirithi sufuria. Nyingi alikuwa ameshaziziba matundu yeye mwenyewe.

Krismasi ya kwanza baada ya hapo, mzee alikula mara mbili, saa saba kwa huyu, saa tisa kwa yule, asimuudhi mtu. Ya pili, alikula mara mbili tena na tumbo likamwadhibu siku tatu. Ya tatu alituma salamu kwamba ana mafua. Cheche alipopita kumjulia hali alimkuta hana mafua wala kikohozi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, sahani mapajani, anachovya mkate mkavu kwenye chai, na redio inaimba nyimbo za Krismasi kwa sauti ya chini.

"Usiwaambie," mzee alisema. "Hapa nimepumzika."

Cheche hakuwaambia. Ila tangu siku ile kitu kilimkaa kooni, na Desemba ilipofika kikatokea kwenye kipaza sauti.

Jumatatu alianzia kwa Kaka Mkubwa. Nusu ya meza ilikuwa imeegemezwa ukutani kwenye karakana, imebeba makopo ya vanishi.

"Nusu yangu haitoki hapa," Kaka Mkubwa alisema bila kuinua macho. "Yule mwenzako alete yake kwanza. Mimi ndiye mkubwa."

"Kwa hiyo ukubwa ndiyo huo, kulinda makopo?"

"Cheche, shika adabu yako."

Akaenda kwa Kaka wa Pili. Huko nusu nyingine ilikuwa kaunta kwenye saluni ya wifi yake, imejaa chanuo na chupa za rangi za kucha.

"Mkubwa ndiye anayetakiwa kuonyesha mfano," Kaka wa Pili alisema. "Akileta yake, yangu itafika kabla hajafuta jasho."

"Wifi," Cheche akamgeukia mke wa kaka yake, "huyu mtu ulimpendea nini hasa?"

"Wakati ule alikuwa na nywele," wifi alijibu, akiendelea kusuka.

Mtu mwingine angerudi kubembeleza. Cheche alirudi kwenye banda lake, akakata vyuma. Jioni nne mfululizo, baada ya kazi za wateja, aliunda fremu: miguu sita, mikanda miwili katikati, matundu manane ya bolti. Hakuhitaji kuipima meza. Aliijua kwa viwiko. Ilipokamilika akaipaka rangi nyeusi, akaipeleka sebuleni kwa mzee na kuisimamisha pale pale ilipokuwa ya zamani.

Mzee aliizunguka mara mbili. "Hii ni meza ya hewa?"

"Subiri, baba."

Tarehe ishirini na tatu ndipo alipofanya uovu wake. Alinunua kipande kikubwa cha chipbodi, ile ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, juu imebandikwa karatasi ya maua mekundu. Akakipitisha taratibu kwa mkokoteni mbele ya saluni, akazungukia mbele ya karakana ya Kaka Mkubwa, akiwa anaimba.

Kaka Mkubwa alitoka mbio, penseli sikioni. "Hiyo takataka unaipeleka wapi?"

"Kwa mzee. Ndiyo meza ya sikukuu."

"Chipbodi? Kwa baba? Ile ukiimwagia chai inavimba kama andazi!"

"Tutakunywa kwa uangalifu."

Kuwaambia maseremala wawili kwamba baba yao, seremala aliyewafundisha, atakula Krismasi juu ya karatasi ya maua, ni zaidi ya kuwatukana. Cheche alilijua hilo, na hakudanganya hata kidogo. Wasingekuja, angeipachika kweli, awaite majirani waione, aseme ni kazi ya ukoo.

Tarehe ishirini na nne, saa nne asubuhi, mikokoteni miwili ilikutana getini kwa mzee. Kila mmoja alikuwa na nusu ya meza, na kila mmoja alitaka mwenzake aanze kuingia ili asemwe kwamba ndiye aliyejishusha. Walisimama pale dakika kama kumi, wakipishana kuangalia saa. Cheche alitoka na spana mkononi.

"Mnasubiri refa? Geti hili nimelitengeneza mimi. Fungueni pande zote mbili."

Wakaingia sambamba, magurudumu yakigusana.

Ndipo aibu ilipojitokeza. Nusu ya Kaka wa Pili ilikuwa vilevile, na alama ya pasi, ile pembe tatu nyeusi ambayo mama aliiunguza siku alipozaliwa mtoto wa kwanza wa Kaka Mkubwa, mama akaisahau pasi mezani kwa furaha. Nusu ya Kaka Mkubwa ilikuwa inang'aa. Alikuwa ameipiga randa ionekane mpya. Mikwaruzo yote haipo, na ubao umepungua unene.

Kaka Mkubwa aliweka kiganja juu ya alama ya pasi, hakukitoa upesi. "Yangu nayo ilikuwa na alama," alisema. "Zilikuwa nyingi kuliko hizi."

Kaka wa Pili alikuwa na neno mdomoni, ilionekana wazi, lenye ncha. Akamtazama Cheche, akalimeza. "Haya, shika huko," akasema. "Ubao mzito huu."

Cheche aliweka vipande vya bati chini ya nusu iliyokondeshwa, juu zikawa sawa. Pengo la msumeno lilibaki, upana wa kidole. Kaka wa Pili alitaka kuliziba kwa ufito. Mzee akakataa.

"Liacheni. Nataka kuliona."

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, mzee alivuta kiti chake na kukaa katikati, sahani yake juu ya pengo lenyewe, nusu huku, nusu kule. Watu kumi na mmoja walikaa. Wajukuu wakaanza kudondosha wali kwenye pengo makusudi. Wifi akaomba chumvi, na chumvi ikapita kwa Kaka Mkubwa, ikapita kwa Kaka wa Pili, ikafika.

"Sahani yangu inacheza," mzee alisema.

Kaka wawili waliinama chini ya meza kwa wakati mmoja, vichwa vikagongana. Huko chini kulisikika minong'ono mirefu, na kicheko kimoja ambacho haikujulikana ni cha nani. Kisha uso wa Kaka Mkubwa ukachomoza.

"Cheche, hapa kwa mzee panahitaji bolti mbili zaidi. Hizi ulinunua bei gani?"

Cheche alimaliza kutafuna kwanza.

"Moja shilingi mia mbili na hamsini. Kila mmoja wenu alipe yake."